Kabla Hujahamisha Godoro

Jumapili iliyopita mdogo wangu anayesoma Mbeya, mtoto wa mama mdogo, alinipigia saa nne usiku. Nikajua kuna jambo, maana yule kazi yake ni kubipu. Akazunguka weee: habari za Mafinga, shemeji hajambo, mvua zimekatika au bado. Mwisho akatua.

"Dada, nataka kuachia chumba changu."

"Uende wapi?"

"Kwa jirani."

Jirani ni kijana wa mlango wa pili. Nyumba moja, korido moja, bomba moja la maji. Mdogo wangu ni mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya chuo, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana anasoma uhandisi, hajui hata mpira wa pete unachezwa na watu wangapi, na kelele zikizidi kichwa kinamuuma. Nikamuuliza sasa mnaelewana vipi. Akasema, "Hatuelewani dada, ndiyo maana nampenda."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, Kihesa, Iringa, mwaka 2018. Nikamwambia anipe siku mbili nitampigia. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku hizo mbili.

Kwanza mnielewe nilivyofika huko. Mwaka wa pili hosteli za chuo chetu hazikutosha, wakapewa wa mwaka wa kwanza, sisi wengine tukamwagwa mtaani. Mimi na rafiki yangu tukapata nyumba Kihesa: vyumba vitatu, sebule ya wote, jiko la nje, choo uani. Kila chumba shilingi 40,000 kwa mwezi na mama mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha tatu hakikuwa cha kupangisha, alihifadhi humo magunia yake ya mahindi, kwa hiyo tulipanga sisi wawili pamoja na panya. Wiki mbili baadaye rafiki yangu akapata nafasi hosteli kwa mlango wa nyuma, akasepa. Siku ya tatu nikamkuta mama mwenye nyumba uani anatabasamu.

"Kamwene, mwanangu. Nimekupatia kaka. Hanywi, havuti, anacheza mpira tu."

Kaka mwenyewe alikuwa mrefu, ametokea Kigoma, amevaa kofia ya sufu na jaketi mbili saa saba mchana. Alikuwa kiungo mkabaji wa timu ya chuo. Chuo kizima walimwita Sita, kwa ile namba ya mgongoni, na hata mimi leo nikimwita kwa jina lake anageuka kuangalia ni nani anaitwa. Nami nilikuwa nasoma uhasibu, akanipachika jina Mhasibu siku ile ile. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nyama ya Iringa ni ya mbuzi kweli. Utani huo wa mbwa sisi Wahehe tumeuzoea toka tumboni. Nikamjibu ajaribu, atabweka mwenyewe.

Sasa tofauti. Mimi silali kabla ya saa saba usiku, akili yangu inaamka giza likiingia. Sita alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anateremka kwa mbio mpaka Ipogolo kule mtoni, Ruaha Mdogo, halafu anaupanda ule mlima kurudi mjini. Anayeujua mlima wa Ipogolo anajua hata malori yanaupanda yakilia. Anarudi saa kumi na mbili na nusu, anagonga masufuria, anaimba. Njumu zake zenye udongo mwekundu anaziloweka kwenye beseni. Beseni langu. Nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchua misuli. Mchele niliokuwa nakula siku tatu, yeye aliumaliza mara moja na kuuliza kama kuna ukoko.

Lakini kilichotugombanisha hasa ilikuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ilikuwa moja. Mtoto wa Kigoma, Iringa, mwezi wa sita, unategemea aoge maji ya bomba? Alinunua hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, na akawa anaoga mara mbili, asubuhi baada ya mbio na jioni baada ya mazoezi. Ndoo ya lita ishirini ukiitoa kwenye ubaridi ule mpaka ipate moto vizuri inakula kama robo tatu ya uniti. Kwa mwezi hita peke yake uniti arobaini na kitu. Na kwa sisi wa matumizi madogo, ukipita uniti 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada inauzwa zaidi ya mara tatu ya bei ya mwanzo. Mimi peke yangu nisingefika 75 hata nikipiga pasi kila siku. Sita alinivusha mpaka.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kushoto jina lake, wa kulia langu, kila ndoo mstari mmoja. Nikalitundika jikoni kwa kamba. Alipoliona alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akachukua kalamu akaandika upande wangu: "Taa, saa mbili usiku hadi saa saba, kila siku." Hapo nikamheshimu kidogo.

Mnaoishi na mtu nyumba moja, daftari liwepo kabla ya mapenzi. Mkishapendana hamtaweza tena kulianzisha, kila hesabu itaonekana ni uchoyo. La kwetu lilianza tukiwa maadui, ndiyo maana liliweza kutuvusha mengine yote.

Mapenzi yenyewe yaliingia kupitia takwimu. Sita alikuwa anasomea ualimu, na somo la takwimu lilimshinda. Alishapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na kama nao angeufeli alikuwa anadisko, anafukuzwa chuo. Mwenyewe alinieleza akiwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, ameshika njumu moja, hanitazami. Nikamwambia nitamfundisha kwa sharti la ndoo moja kwa siku. Akakubali upesi mpaka nikashuku.

Tatizo ni kwamba mifano ya kitabuni haikumwingia. Mvua za mkoa fulani, uzito wa ng'ombe kumi, anasinzia. Basi nikachukua daftari jipya nikaenda uwanjani Jumamosi, nikawa nahesabu pasi zake. Iliyofika tiki, iliyopotea msalaba. Kipindi cha kwanza, cha pili. Jioni nikamwekea mezani: haya, tafuta wastani wako. Haya, sasa niambie siku gani ulicheza kama wewe na siku gani ulitawanyika mbali na wastani wako. Mtu aliyekuwa anasinzia akakaa wima. Akaanza kubishana na mimi kwamba pasi ya dakika ya sabini haikupotea, ni winga alichelewa. Tukabishana mpaka saa sita usiku, na kesho yake alfajiri hakukimbia.

Ukitaka kumhesabia mtu pasi, lazima macho yako yasimwache. Mpira ukienda kwingine wewe unabaki naye: anavyogeuza shingo kabla hajapokea, anavyowainua wenzake walioanguka, anavyojifuta pua kwa bega. Mtazame mtu hivyo dakika tisini kila Jumamosi kwa wiki sita, hata awe mwizi wa kuku utampenda. Mimi sikuwa na habari. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniona nimebeba daftari naenda uwanjani kwenye upepo ule wa mwezi wa nane, akasema, "Mwanangu, hesabu gani hiyo inayopakwa mafuta mdomoni?"

Sapu alipita. Siku matokeo yalipobandikwa tulipanda Gangilonga, lile jiwe ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, mahali wazee wanasema Mkwawa alikuwa anakwenda kutafakari. Mji wote uko chini yako, jua linazama. Jiwe halikuongea, Sita ndiye aliongea, na aliongea vibaya, maneno yanagongana. Nikamwelewa hivyo hivyo. Hiyo sehemu naipita haraka, mume wangu anasoma haya kabla sijayaweka.

Nirudi kwa mdogo wangu na godoro lake.

Miezi mitano tulipendana kila mtu ana chumba chake, na sijui kama nimewahi kuwa na miezi mizuri kama ile. Kabla ya mechi alilala saa tatu, mimi nikasoma kwangu mpaka ninapotaka. Nikiudhika nafunga mlango. Akitaka kunieleza ushindi anabisha hodi, nami ninamwacha asubiri kidogo kusudi.

Mwanzoni mwa 2019 kodi ya miezi sita ikaisha na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likachelewa. Wakati ule bumu lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, unasaini la siku sitini, yaani 510,000, na ndani yake kuna chakula, kodi, nauli, kutoa nakala, kila kitu. Tukapiga hesabu. Mimi, mwanafunzi wa uhasibu, ndiye niliyesema: kwa nini tulipe 480,000 kwa vyumba viwili wakati tunalala kimoja? Tutaokoa 240,000. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Siku ile ile nikaburuta godoro langu koridoni, hatua nane. Wenyewe mtaani wanaita sogea tukae.

Mama mwenye nyumba hakunigombeza, ingawa nilishajiandaa kugombezwa. Aliniuliza tu kama nina uhakika, maana chumba hakiozi kikikaa. Nilipomrudishia ufunguo, kesho yake asubuhi kulikuwa na cherehani ndani na fundi anafungua kitambaa.

Kosa la hesabu yangu nililiona wiki ya pili. Sita alikuwa na mechi Jumamosi, mimi na mtihani Jumatatu. Ijumaa saa tatu usiku anataka kulala, taa ninaihitaji. Nikaiweka chini ya meza, nikaifunika khanga, nikasoma nimeinama kama mwizi. Yeye akageuka huku na huku mpaka saa nane. Jumamosi alipoteza pasi kumi na saba. Nilikuwa nahesabu mimi mwenyewe, kila msalaba unanichoma. Wakatoka sare mechi ya kushinda. Nikiwa nje ya chumba cha kubadilishia nguo nikasikia mmoja wa wenzake anasema, "Shemeji anatumaliza." Wakacheka. Na mimi mtihani wa Jumatatu nikapata alama ambayo mama yangu hajawahi kuijua.

Ukikaa na mwanamichezo chumba kimoja, ratiba yake inameza yako, si kwa ubaya wake. Mwili ndiyo kazi yake, na mwili hauahirishi. Usingizi, chakula, mguu unaouma, vyote vina saa. Ya kwako, ya kichwani, inaonekana inaweza kusubiri kwa sababu haionekani kwa macho. Mdogo wangu, wewe ndiye mwanamichezo hapo. Kijana wako ndiye atakayesoma chini ya meza.

Halafu likaja goti.

Ndondo mnazijua. Mashindano ya mtaani, mchezaji wa chuo anachukuliwa kwa siri, anapewa jina la mtu mwingine, akimaliza mechi anapewa chake mkononi. Kocha wa chuo alishawakataza na Sita aliniahidi hachezi. Alicheza. Alitaka kununua mtungi wa gesi, maana moshi wa mkaa ulikuwa unanitoa machozi jioni nikipika. Jumapili moja ya mwezi wa tatu wakamleta kwa bajaji, wamemshika wawili. Alisema aligeuka, mguu ukabaki, goti likalia kama kijiti.

Sote tukawa madaktari. Fundi cherehani akachemsha maji, mama mwenye nyumba akaleta taulo, mimi nikachua kwa ile dawa ya kunuka. Kesho yake goti lilikuwa kama boga. Daktari alipotuona alitikisa kichwa: siku mbili za mwanzo ni ubaridi, bandeji na kuinua mguu juu; moto na kuchua vinaongeza uvimbe. Liandikeni hilo mahali. Kano ya ndani ya goti, inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele, ilikuwa imechanika sehemu. Mazoezi ya kuimarisha paja, magongo kwanza, na asahau mechi kwa miezi tisa. Vipimo vililipwa na bima ya wanafunzi, ile tuliyokuwa tunaichangia shilingi 50,400 kwa mwaka na kulalamika kila mwaka. Timu isingeweza kusema kitu, kwa sababu rasmi Sita hakuumia popote. Aliumia mtu mwenye jina lingine.

Mimi nilidhani mtu aliyeumia goti anahitaji kuhudumiwa goti. Nikapika, nikabeba maji, nikamwambia utapona tu mpenzi wangu. Kila nilipolisema hilo aligeukia ukutani. Akaacha kuoga maji ya moto, akaacha kuimba, akaacha kubishana. Nikihesabu LUKU ananiambia andika unavyotaka. Usiku mmoja nikamuuliza kwa nini alinidanganya kuhusu ndondo. Akajibu kitu ambacho sitakiandika. Nami nikajibu kibaya zaidi, kuhusu watu wanaotegemea miguu badala ya kichwa.

Ikafika ile sehemu ambayo zamani ningekwenda kwangu na kufunga mlango. Nikasimama, nikashika kitasa, nikatoka koridoni, na mlango wangu una cherehani ndani. Rafiki wa hosteli, saa tano usiku geti limefungwa. Nje baridi. Nikaingia stoo ya mahindi. Nilikaa juu ya gunia mpaka saa nane, nimejifunika joho la kuhitimu la mtu kama blanketi, panya wanapita miguuni, nikisikia kupitia ukutani kwamba naye halali. Hatukuwa na pa kukasirikia. Watu wawili wakipendana wanahitaji pa kukasirikia kama wanavyohitaji choo, na mimi chetu nilikuwa nimekiuza kwa 240,000.

Bumu lilipotoka nikalipa chumba mtaa wa pili, kwa bibi mmoja mkali. Sikumwacha Sita, na hilo nilimwambia wazi mlangoni nikiwa na godoro kwenye mkokoteni. Hakuniamini. Wenzake walisema kaumia tu, mwanamke kakimbia. Niliumia, lakini nilikwenda.

Siku ya nne saa moja jioni nikasikia magongo barazani. Tok, tok. Halafu kimya. Halafu, "Hodi." Tangu nihamie chumbani mwake hakuwahi kunibishia hodi, angebisha wapi? Nikamwacha asubiri kidogo. Nilipofungua alikuwa ameshika lile daftari la pasi. Akasema timu imempata namba sita mpya, mtoto wa mwaka wa kwanza, ana mapafu lakini anapoteza mipira kushoto, kocha haoni. Nikamwambia basi nenda kamhesabie. Sikulisema kwa hekima yoyote, nilikuwa nimechoka. Lakini Jumamosi alikwenda, akakaa kwenye benchi na magongo, akahesabu. Jioni akaniletea wastani.

Kwa hiyo wewe ambaye mpenzi wako ni mchezaji na ameumia: "utapona tu" iache. Amefiwa na kitu, na kwenye msiba hakuna anayesema atafufuka. Mpe kazi inayomrudisha uwanjani bila miguu. Ahesabu, ashike kipyenga mazoezini, ajaze maji chupa, lolote, ilimradi Jumamosi awe na pa kwenda.

Mwezi wa tano mwaka ule Lipuli, timu yetu ya Iringa, iliikaribisha Yanga pale uwanja wa Samora, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mimi nilikuwa na fulana ya Wanapaluhengo, ndilo jina la utani la Lipuli, Sita ni Yanga wa kuzaliwa, tukaingia pamoja yeye na magongo yake, watu wanampisha njia. Lipuli ikashinda mbili bila. Uwanja ulikuwa unatingishika, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi nikamgeukia nimtanie nikakuta machozi yanamtoka. Nikasema jamani, ni mpira tu. Akasema si Yanga. Akasema alikuwa anamwangalia kiungo wa Lipuli, na amejikuta anajua kila pasi kabla haijapigwa, na kwamba hiyo hakuna goti linaloweza kuichukua. Fainali Lipuli ilifungwa na Azam moja bila huko Lindi, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Mambo mengine madogo, mdogo wangu, kwa haraka. Fedha za michezo usiziingize kwenye bajeti ya nyumba, zinakuja na filimbi na zinaondoka na filimbi. Kijana wako awasalimie wenzako wa timu, awapikie siku moja moja, lakini wasimfanye mpatanishi wao na kocha. Wasichana wa kumshangilia mchezaji, au kwako wavulana, watakuwepo. Anayeshangilia jukwaani hajui mtu anakoroma vipi. Na kuhusu mimba: baridi ya nyanda za juu na kitanda kimoja mnajua wenyewe, nendeni zahanati wote wawili kabla, msione haya, manesi wameshaona makubwa.

Sita hakurudi kucheza kama zamani. Mwaka wa mwisho aliingia dakika za mwisho mechi tatu, nikahesabu pasi ishirini na mbili, msalaba mmoja. Tulifunga ndoa 2022. Sasa anafundisha hisabati sekondari huku Mufindi na jioni ana timu ya wavulana ambao anawafundisha wastani kwa pasi zao. Bado anaamka saa kumi na moja. Mwezi wa sita goti linamuuma na anaoga ndoo mbili. Nyumba yetu ina chumba cha ziada kidogo, kina meza, taa na mlango wenye komeo kwa ndani, na kabla hajaingia anabisha.

Jumanne nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza yote, hata stoo ya mahindi ambayo mama yangu haijui. Akanisikiliza kimya. Nilipomaliza akavuta pumzi.

"Dada, umechelewa. Godoro nimehamisha Jumatatu."

"Na ufunguo?"

"Ninao. Mwenye nyumba amesafiri, anarudi Ijumaa."

"Kodi ni ngapi?"

"Thelathini na tano."

Nikamtumia ya miezi miwili kwenye simu. Ujumbe ulipomfikia akapiga tena, akauliza kama ni zawadi. Nikasema hapana, naiandika, upande wa kushoto.